Deni huamuliwa na hesabu: funzo la kesi ya Ham na Diamond Trust

Oktoba 7, 2020, Jaji Henry Peter Adonyo wa Mahakama Kuu ya Uganda, Kitengo cha Biashara, alitoa hukumu iliyowatikisa wenye mabenki Afrika Mashariki nzima. Mfanyabiashara wa Kampala, Hamis Kiggundu, maarufu kwa jina la Ham, alizishinda benki za Diamond Trust, ya Uganda na ya Kenya. Ziliamriwa kumrudishia zaidi ya shilingi za Uganda bilioni 34 na dola milioni 23 zilizokatwa kwenye akaunti zake, na kuziachia mali alizoweka rehani.

Mgogoro wenyewe ulianzia kwenye makato ya mikopo aliyopewa na benki hizo. Ham alisema amekatwa kupita kiasi; benki zilisema bado anadaiwa. Lakini hesabu hizo hazikuamuliwa. Kilichobeba kesi ni leseni: kwamba Diamond Trust ya Kenya haikuruhusiwa kufanya biashara ya benki nchini Uganda, na ile ya Kampala haikuwa na idhini ya Benki Kuu kuwa wakala wake. Utetezi wa benki ukatupwa bila mashahidi kusikilizwa.

Hofu ya mabenki ilikuwa na msingi. Sheria ya Uganda inaizuia benki kumkopesha mteja mmoja zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wake mkuu. Kwa hiyo anayejenga jengo kubwa au kiwanda mara nyingi hukopeshwa na benki kadhaa kwa pamoja, zikiwemo za nje. Kama mikopo hiyo ingekuwa haramu, nani angekopesha tena?

Mei 2021 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sheria ya taasisi za fedha ya Uganda haiharamishi mkopo unaotolewa na benki ya nje.

Naiunga mkono Mahakama ya Juu. Aliyepokea fedha akazitumia hawezi kuachiwa deni kwa sababu ya leseni ya mkopeshaji. Dawa ya deni ni kulipa. Hata hivyo, mteja anayelalamikia makato anastahili kuonyeshwa kila shilingi ilikokwenda, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayekopa, soma mkataba kabla ya kusaini, dai taarifa ya akaunti kila mwezi, na makato usiyoyaelewa yahoji mapema, kwa maandishi.