Mfupa, Mzee na Jua

Kuna mtoto wa jirani yangu hapa Songea, yuko darasa la tano, aliyeniambia kwamba akikua atakuwa mtafiti. Nikamuuliza atatafiti nini. Akajibu bila kusita: "Chupa." Alikuwa ameona picha kitabuni, mtu amevaa koti jeupe, ameinua kichupa chenye maji ya buluu, anakikodolea macho. Kwake yeye utafiti ndio huo.

Sikumcheka. Nilicheka baadaye, nikiwa peke yangu. Nilimvutia kigoda akae, nimsimulie habari za watafiti waliopita katika mkoa huu wetu wa Ruvuma, ambao wengi wao hawakuja na kichupa. Nanyi sogeeni.

Mtafiti, wajukuu zangu, ni kama mzee wa baraza aliyeletewa kesi. Ana swali, na anatafuta shahidi wa kumjibu. Watafiti wote wako hivyo. Wanachotofautiana ni shahidi wanayemwita, na namna ya kumhoji asiwapotoshe.

Wako wanaomwita mfupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni ya Waingereza, Gordon Stockley, alizunguka bonde la mto Ruhuhu, ule unaoshuka kuingia Ziwa Nyasa. Kazi yake ilikuwa kupima makaa ya mawe. Humo akakuta mifupa iliyogeuka mawe. Habari zikafika Uingereza, na mwaka 1933 akaja Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akaokota mifupa mingi, akaondoka nayo. Kati yake kulikuwa na mfupa mmoja wa mkono, ule wa kutoka begani hadi kwenye kiwiko, na pingili chache za uti wa mgongo. Si kitu cha kumshangaza mpita njia.

Mfupa ule ukakaa. Miaka ya 1950 mwanafunzi aitwaye Alan Charig aliuchunguza, akauandikia, akaupa hata jina, lakini jina hilo hakulichapisha rasmi. Akawa mtaalamu mkubwa, akazeeka, akafariki mwaka 1997. Mfupa bado umekaa. Ndipo Desemba 2012 Sterling Nesbitt na wenzake wakatangaza kwamba mnyama yule, waliyemwita Nyasasaurus parringtoni, aliishi kama miaka milioni 243 iliyopita, na kwamba ama ni dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu wa karibu mno wa dinosaria. Wale majitu wa Tendaguru kule Lindi, ambao Wajerumani waliwachimba na kuwapeleka Berlin, mbele yake ni watoto wa juzi.

Walimhojije shahidi asiye na ulimi? Walikata kipande chembamba cha mfupa, chembamba hadi mwanga ukapenya, wakakitazama kwa hadubini. Mfupa wa mnyama anayekua haraka husukwa tofauti na wa anayekua polepole, na huu ulionekana wa mwenye haraka, kama walivyo dinosaria. Tena kwenye mkono kuna ukingo mrefu uliojitokeza, mahali misuli inaposhika, na ukingo wa namna hiyo ni alama ya ukoo wa dinosaria. Lakini mifupa ni michache, kwa hiyo hawakuapa. Walisema "ama hiki, ama kile." Mimi hiyo "ama" naiheshimu kuliko jina lenyewe. Na kwenye orodha ya walioandika taarifa ile waliliweka jina la Charig, marehemu wa miaka 15, kwa sababu kazi aliianza yeye.

Miaka milioni 243 ni mingapi? Sisi Songea ni watu wa mahindi, tuhesabu kwa mahindi. Gunia la kilo 100 lina punje kama laki tatu hivi. Kila punje ikiwa mwaka mmoja, utahitaji magunia kama mia nane kumfikia mnyama yule. Na tangu Vita vya Majimaji, babu zetu walipopigana na Wajerumani, hadi leo? Konzi moja tu ya punje.

Inaniuma kidogo kwamba mtoto wa hapa akitaka kuuona mkono wa jirani yake wa kale, sharti asafiri hadi London, ulikohifadhiwa. Hata hivyo mnyama mwingine kutoka miamba hiyo hiyo, aliyetangazwa mwaka 2010, alipewa jina ambalo hata bibi yako atalielewa: Asilisaurus kongwe. Asili, na kongwe. Hilo "saurus" katikati ni Kigiriki, maana yake mjusi.

Sasa turudi kwenye ile konzi moja ya punje, maana nayo ina watafiti wake. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini mwa nchi, Songea ikiwemo, kuwauliza wazee habari za Majimaji. Mpaka wakati huo habari nyingi za vita vile zilizoandikwa zilitoka kwa Wajerumani, nanyi mnajua simba akisimuliwa na mwindaji inakuwaje. Kazi hiyo ilisukumwa na wanahistoria kama Gilbert Gwassa, Mtanzania, na John Iliffe, Mwingereza. Piga hesabu: mtoto aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza mwaka 1905, alikuwa na miaka 73 walipobisha hodi. Wangechelewa kidogo, wangekuta makaburi.

Kumhoji mzee ni kazi ngumu kuliko kukata mfupa. Ukimuuliza, "Babu, mlipigana kwa sababu ya kodi, sivyo?" atakuitikia, "Ndiyo, mwanangu," kwa sababu wewe ni mgeni na amekupenda. Umepata adabu, hukupata jibu. Unatakiwa useme, "Ilikuwaje?" kisha unyamaze. Na akimaliza usiondoke ukadhani umeshajua. Mzee husahau, na kila ukoo hukumbuka zaidi mashujaa wake. Unavuka mto, unamuuliza mzee wa ukoo mwingine, unalinganisha, halafu unalinganisha na makaratasi ya Wajerumani, ambayo nayo yaliandikwa na watu waliokuwa na la kuficha.

Wapo watu wanaosema masimulizi ya wazee si ushahidi. Hao nawapa kisa cha jua. Wazee wa Kingoni husimulia kwamba Zwangendaba, kiongozi wao wa zamani, alipokuwa akiwavusha watu wake mto Zambezi, wakitoka kusini, jua liliingia giza mchana. Hakuna aliyekuwa na kalenda pale mtoni. Lakini wanaastronomia hupiga hesabu za jua na mwezi kwenda mbele na kurudi nyuma, na hesabu zao zinaonyesha jua lilipatwa upande ule Novemba 1835. Basi tarehe ya uvukaji ikapatikana, ikaingia vitabuni. Mzee alisema kweli, na jua likasimama kumtolea ushahidi. Zwangendaba alifia Ufipa miaka ya 1840, watu wake wakatawanyika, na baadhi yao wakaishia huku kwetu.

Wangoni wale walikuja na lugha ya kusini. Msikilize Mngoni wa Songea leo, utasikia lugha iliyo jirani zaidi na Kimatengo kuliko Kizulu, ingawa majina ya koo kama Gama yamebaki. Mwanaisimu Deo Ngonyani ameiandikia lugha hiyo kitabu kizima cha sarufi. Watafiti wa lugha shahidi wao ni neno, na neno hapa linatuambia jambo ambalo hadithi za vita hulipita haraka: watoto wa wapiganaji walilelewa na akina mama wenyeji, na mtoto husema lugha ya anayemlisha.

Tupande Mbinga, ambako nitakaa kidogo maana napapenda. Milima ya Umatengo imesimama wima, mvua ikinyesha ungetarajia udongo wote uishie bondeni. Hauishii huko, kwa sababu ya ngoro. Wanaume hufyeka nyasi, zikishanyauka zinapangwa mistari inayokatana kama nondo za dirisha. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila dirisha na kuzifunika zile nyasi. Mlima mzima unabaki na mashimo, kila shimo limezungukwa na matuta. Maji ya mvua yanatulia shimoni badala ya kukimbia, nyasi zinaoza chini ya tuta na kuwa mbolea, maharage yanapandwa juu yake, na baadaye mahindi. Wazee wanasema Wamatengo walikimbilia huko juu wakiwakwepa Wangoni, yaani sisi, wakalazimika kuishi kwa kilimo cha mteremko. Samahani ndugu zetu.

Miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walianza kuuchunguza mlima huo. Katika utafiti wa namna hii, mtu wa udongo hupima kiasi kinachosombwa na maji, na kilichooza chini ya tuta. Mtu wa jamii hukaa na wenyeji na kuuliza ardhi hii ya nani, nani anarithi, nani anachimba. Huko Mbinga alisikia neno ntambo, yaani kipande cha mlima kilichozungukwa na vijito, ambacho ni cha ukoo. Shamba ni lile lile, ila mmoja anahesabu udongo na mwingine anahesabu mikono.

Na mikono ina maana. Ukimwachia mtu wa udongo peke yake, atasema ngoro ni nzuri, zichimbwe kila mahali. Mwenzake atamuuliza: zichimbwe na nani? Matuta yale hufunikwa na akina mama, kwa jembe la mkono, na wana watoto, kuni na maji ya kuchota. Nimewahi kusikia watu wakibishana ipi ni sayansi ya kweli, ya kupima au ya kuuliza. Wangepelekwa Mbinga siku moja wakashike jembe.

Ziwani hata sipiti leo. Kule Mbamba Bay kuna mbuna, samaki wadogo wa mawe, wa rangi rangi, ambao mama hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na wataalamu duniani kote wanashangaa ziwa moja limezaaje aina mia kadhaa za samaki jamaa yao. Ni hadithi ya siku nyingine.

Nilipofika hapo yule mtoto aliniuliza jina la mji wetu lilitoka wapi, swali ambalo nilikuwa nalisubiri. Nikamwambia: ni la Songea Mbano, nduna, yaani kiongozi wa Wangoni. Wajerumani waliwanyonga viongozi wetu wa Majimaji Februari 27, 1906, makumi yao, na Nduna Songea aliuawa katika siku hizo hizo. Ndiyo maana kila Februari tunakusanyika pale Makumbusho ya Majimaji. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa hapa makumbusho, akaomba msamaha, akaahidi kwamba watasaidia kukitafuta.

"Kinatafutwaje?" akauliza.

Kwa wote niliokusimulia, nikamjibu. Mwanahistoria anafungua daftari za jeshi na za makumbusho ya kule, aone fuvu gani lilitoka wapi na lilipokelewa mwaka gani. Mwingine anakuja kwa wazee wa ukoo kusikiliza. Mtu wa mifupa anatazama fuvu lenyewe.

"Na wakilipata, watajuaje ni la kwake? Mafuvu si yanafanana?"

Septemba 2023, nikamwambia, Berlin walitangaza kwamba mafuvu kadhaa yaliyochukuliwa Kilimanjaro yamelingana vinasaba na familia zilizo hai leo. Ndugu walitoa mate kidogo tu.

"Wakayatia wapi?"

"Kwenye kichupa," nikasema.