Kontena la Kawangware na manowari za kisasa



Majuzi, baada ya swala ya Ijumaa pale Jamia katikati ya jiji la Nairobi, nilipanda matatu nambari 46 kwenda Kawangware kumjulia hali dada yangu. Tulipopita Hurlingham, mpwa wangu akanionyesha upande iliko Wizara ya Ulinzi. "Mjomba," akaniuliza, "bahari iko kwenu Mombasa, mbona meli za vita zinaamuliwa huku kwenye baridi?"

Nilicheka, lakini swali lilinikaa.

Tuliposhuka nikapata pa kuanzia. Kando ya barabara kuna makontena yamepangwa: moja la M-Pesa, la pili kinyozi, la tatu vipuri vya pikipiki. Kinyozi akihama leo, kesho anaingia fundi wa simu. Umeme upo, mlango upo, hakuna ukuta wa kubomoa. Frigeti nyingi za siku hizi zinaundwa kwa fikra hiyohiyo.

Zamani silaha za manowari zilikuwa sehemu ya mwili wake. Kubadilisha mzinga kulitaka kukata chuma na kutandaza nyaya upya, meli imelala chelezoni miezi mingi. Na mwili wa meli huweza kudumu miaka 30 au zaidi, ilhali rada na kompyuta zake huchakaa mapema.

Kampuni ya Blohm+Voss ya Hamburg ikabuni meli za MEKO, ambazo silaha na mitambo yake huwekwa ndani ya visanduku vya vipimo maalumu. NNS Aradu ya Nigeria, iliyoanza kazi 1982, ni miongoni mwa za mwanzo. Afrika Kusini inazo nne za aina hiyo, na tangu 2011 zimekuwa zikitumwa Mlango wa Msumbiji kuwazuia maharamia.

Denmark ikaenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1980 ilikuwa na meli 22 ndogo za aina tatu, zimezeeka, na pesa za kuzibadilisha zote hazipo. Ikaunda 14 tu zenye mashimo ya kuchopeka visanduku: leo mzinga, kesho vifaa vya kutegua mabomu ya baharini. Kreni ya bandarini hubadilisha kisanduku kwa takriban nusu saa, kisha hupimwa kabla ya safari. Mfumo huo ukapandishwa kwenye meli kubwa kama Absalon, iliyokuja pwani ya Somalia 2008 kupambana na maharamia.

Lakini tusidanganyike. Marekani ilijaribu jambo hili kwa meli zake za mwambao, vifaa vikachelewa miaka, na mwishowe kila meli ikapewa kazi moja. Kisanduku hubadilishwa kwa nusu saa, mabaharia hawabadiliki kwa nusu saa. Lazima wafunzwe, na visanduku vya akiba vitunzwe visiliwe na chumvi.

Hili linatuhusu vipi? Kenya haina frigeti. Meli yetu mashuhuri ni KNS Jasiri ya mita 85, iliyoundwa Uhispania. Mkataba ulitiwa saini 2003, mzozo wa malipo ukaizuia, ikafika Mombasa 2012. KNS Nyayo na KNS Umoja ni za 1987. Siku ya kuzibadilisha haiko mbali, na mabilioni hayo yatapitishwa na Bunge, mwendo mfupi tu kutoka Jamia.

Wabunge wetu wa Pwani wasiishie kuuliza bei. Waulize: meli hii itaweza kubadilishwa kazi, leo doria, kesho kuokoa wavuvi? Kubadilisha huko kutafanywa na vijana wetu Mtongwe, au kila mara tutaipeleka Ulaya?

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Basi mnyonge na alikague dau kabla ya kulilipia.