Sitaram Yechury
Sitaram Yechury (12 Agosti 1952 – 12 Septemba 2024) alikuwa mwanasiasa wa Uhindi na katibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha Uhindi (Kimarx) tangu mwaka 2015 hadi kifo chake.

Alizaliwa Madras (leo Chennai). Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, Delhi, alikamatwa wakati wa hali ya hatari ya miaka 1975-1977. Baadaye alichaguliwa mara tatu kuwa rais wa umoja wa wanafunzi. Mwaka 1977 wanafunzi waliandamana hadi nyumbani kwa Indira Gandhi, naye akasoma mbele yake madai kwamba aache cheo cha mkuu wa chuo, Gandhi alijiuzulu.

Yechury aliingia Kamati Kuu ya chama mwaka 1984 na Politburo mwaka 1992.