Istilahi za Filamu na Uhakiki Wake: Mfano wa Mtazamaji wa Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekwisha kujipatia istilahi zake: fani, maudhui, dhamira, usawiri wa wahusika na kadhalika. Filamu, ambayo hutazamwa hata na wasiosoma riwaya, mara nyingi huzungumzwa kwa kusimuliwa kisa chake tu. Upungufu huu si mdogo. Mtazamaji asiye na neno la kutajia jambo lililofanywa na kamera hawezi kulipinga wala kulisifu kwa hoja. Makala haya yanaeleza istilahi chache na mikabala miwili kwa kuichunguza filamu ya "Out of Africa", iliyoongozwa na Mmarekani Sydney Pollack mwaka 1985, kama inavyoweza kutazamwa na mtu wa Kitale au Bungoma.

2. Istilahi za Msingi

Shoti ni kipande cha picha kinachopigwa na kamera bila kukatizwa. Shoti za mahali pamoja na wakati mmoja huunda onyesho. Mfaransa Christian Metz alieleza katika miaka ya 1960 kwamba shoti haifanani na neno bali na sentensi. Picha ya jembe haisemi "jembe" tu. Husema "jembe hili hapa".

Picha ya mbali humweka mtu ndani ya mandhari yake, ilhali picha ya karibu huonyesha uso na kumwingiza mtazamaji katika mawazo ya mhusika. Pembe ya kamera nayo ina maana: aghalabu kamera inayotazama kutoka chini humkuza mtu, na inayotazama kutoka juu humdunisha.

Uhariri ni kazi ya kukata na kuunganisha shoti. Mrusi Lev Kuleshov alionyesha kuwa maana huzaliwa katika kiungo hicho. Uso uleule ukiunganishwa na sahani ya chakula husomwa kuwa na njaa. Ukiunganishwa na jeneza, husomwa kuwa na majonzi. Mwisho ni sauti: mazungumzo, muziki, na sauti ya msimulizi asiyeonekana.

3. Mikabala Miwili

Mkabala wa kifani huuliza jinsi filamu ilivyojengwa. Katika "Out of Africa" msimulizi ni Karen Blixen, mlowezi kutoka Denmark, anayelikumbuka shamba lake la kahawa karibu na Ngong. Picha nyingi za karibu ni zake na za mpenzi wake, Denys. Wafanyakazi Wakikuyu huonekana zaidi wakiwa kundi. Katika safari ya ndege, nchi hutazamwa kutoka angani, na muziki wa John Barry huifanya iwe uzuri mtupu.

Mkabala wa kihistoria na kijamii huuliza filamu inatokana na hali gani na inaitetea ipi. Wakati wa ukoloni, Trans-Nzoia, ambayo mji wake ni Kitale, ilikuwa nchi ya walowezi waliolima mahindi. Wabukusu wengi kutoka upande wa Bungoma walifanya kazi huko wakiwa vibarua na maskwota. Ngong si Kitale, lakini mfumo wa ardhi ulikuwa mmoja. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyopigwa marufuku mwaka 1948, ilibeba pia malalamiko ya ardhi.

Mikabala hii hukutana katika onyesho ambamo Karen anapiga magoti mbele ya gavana, akiwaombea Wakikuyu ardhi. Filamu inakiri kuwa dhuluma ipo. Hata hivyo, wanaodhulumiwa hawasemi, wanasemewa. Mjukuu wa skwota atakayeliona hilo hatakuwa amekosa uungwana, bali atakuwa amesoma picha sawasawa.

4. Hitimisho

Katika "Supa Modo" (2018) ya Likarion Wainaina, wanakijiji wanashirikiana kutengeneza filamu kwa ajili ya Jo, msichana mgonjwa. Hapa kamera imeshikwa na wale ambao zamani walikuwa mandhari. Lakini filamu isisamehewe uhakiki kwa kuwa ni ya nyumbani. Mwalimu wa Kitale au Bungoma na aulize maswali yaleyale kwa zote mbili: kamera imesimama wapi, sauti ni ya nani, na ni nini kilichokatwa?