Waya wa Ardhi kwenye Akiba za Mafuta: Ganda la Plastiki Lisiaminiwe

Petroli inapopita ndani ya mpira na kumiminika katika tangi huzaa umemetuli. Umeme huo ukikosa njia ya kwenda ardhini huweza kuruka, na cheche ndogo isiyoonekana mchana yatosha kuwasha mvuke wa petroli. Ndiyo maana chama chenye akiba ya mafuta ya malori na matrekta yake kinahitaji waya wa ardhi, au ethi kama mafundi wanavyouita. Hubanwa kwenye lori la mafuta kabla ya kufungua kifuniko chochote, nao huondolewa mwisho kabisa.

Aghalabu waya huo huvikwa plastiki iitwayo PVC. Kwa asili plastiki hii ni ngumu. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa Marekani, alipata njia ya kuilainisha kwa kuichanganya na vimiminiko vizito. Lakini vilainishi hivyo havikufungamana nayo. Joto la jua huvifukuza polepole, na petroli huvitoa upesi zaidi. Ganda hukakamaa, kisha hupasuka, hasa karibu na kibanio, mahali waya unapokunjwa kila mara. Plastiki inayooza kwa joto na mwanga hutoa pia gesi ambayo, ikikutana na unyevu, huwa asidi inayokula shaba.

Hata hivyo ganda hili si kama lile la waya wa nyumbani, linalomkinga mtu na umeme. Hapa huikinga shaba tu. Waya mtupu nao hupitisha umemetuli vizuri. Basi ufa wenyewe si hatari. Hatari ni nyuzi zilizo chini yake, zinazogeuka kijani na kukatika moja moja. Wala ganda zima si ushahidi, kwani nyuzi huweza kukatika ndani huku plastiki iking'aa. Kuzungushia utepe ni kuficha ugonjwa, tena utepe huhifadhi unyevu.

Kipimo cha kuaminika ni mita ya ukinzani. Kabla lori halijafika, na pasipo mvuke wa petroli, ncha moja iwekwe kwenye meno ya kibanio na ya pili kwenye nguzo ya ardhi, huku waya ukitikiswa. Umemetuli hupita hata penye omu milioni moja, lakini njia ya metali tupu ikizidi omu 10, pana kiungo kilicholegea, kutu au nyuzi zilizokatika. Hapo lori lingoje mpaka waya mwingine ufungwe, hata dereva akiwa na haraka.