Kompyuta ya Kikundi Ikikataa Kuwaka

Ndugu wanavikundi wa Migori na Homa Bay, kompyuta ikikataa kuwaka tusikimbilie kununua ingine. Kwanza chomekeni redio kwenye soketi ileile. Isipolia, shida ni stima au soketi. Ikilia, angalieni fyuzi ya plagi, waya, na swichi iliyo nyuma ya mashine. Laptopu iwekeni kwa chaji nusu saa. Bado? Iteni fundi. Msifungue pawa saplai wenyewe: hata ikichomolewa yaweza kubaki na umeme wa kuua.

Hesabu za akiba je? Mara nyingi zi salama kwenye diski ya ndani, na fundi huweza kuzitoa. Huku kwetu kando ya ziwa radi ni nyingi. Mawingu yakitanda, chomoeni mapema. Na daftari la akiba tusiliache.