Je, Wajua? Mwanga Unaoua Bakteria Ndani ya Jino

Je, wajua kwamba kuna mwanga mwekundu unaoweza kuwaua bakteria waliojificha ndani ya mzizi wa jino la mtoto? Peke yake hauwezi. Wamulike usiku kucha, asubuhi utawakuta wazima. Ni mpaka vikutane vitatu: mwanga, rangi na oksijeni.

Daktari husafisha kwanza jino lililooza, kisha hutia rangi ndani yake, mara nyingi methilini bluu. Husubiri dakika chache rangi iwanase bakteria, ndipo anapowasha leza ya nanomita 660 kupitia uzi mwembamba wa kupitishia mwanga. Rangi ikiufyonza mwanga huo, huichochea oksijeni iliyo karibu, nayo hugeuka kali na kuunguza kuta za bakteria. Ukali huo hudumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde na haufiki mbali, hivyo madhara hubaki pale pale palipo na rangi. Na kwa kuwa bakteria hushambuliwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, huwawia vigumu kujenga usugu kama wanavyofanya kwa antibiotiki.

Methilini bluu yenyewe si ngeni hospitalini. Mwaka 1891, jijini Berlin, Paul Ehrlich na mwenzake Guttmann waliwapa wagonjwa wa malaria rangi hiyo kama dawa. Ubaya wake kwa meno ni kwamba isipooshwa vizuri huacha doa la buluu.

Siri ya rangi na mwanga iligunduliwa kwa bahati. Huko Munich, mwanafunzi Oscar Raab alikuwa akipima sumu ya rangi iitwayo akridini kwa viumbe vidogo vya majini. Kipimo kilikuwa kile kile, lakini siku moja viumbe vilikufa upesi na siku nyingine vikadumu. Akachunguza, akaona kuwa kilichobadilika ni mwanga wa chumbani. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1900. Baadaye zikaja antibiotiki, watu wakaona hawana haja ya taa. Usugu wa bakteria ndio uliowarudisha kwenye wazo la Raab.

Kwa nini meno ya utotoni hasa? Mizizi yake imepinda, ina vijia vingi vyembamba, na mwili wenyewe huiyeyusha kadiri jino la ukubwani linavyokaribia kuota. Daktari hawezi kuikwangua kwa nguvu. Rangi ya majimaji huingia pasipofikiwa na sindano. Faida nyingine, leza hailii kama mashine ya kutoboa, na mtoto mwoga huhitaji kuvaa miwani ya kinga tu.

Wako wazazi wasemao, “Ya nini kulitibu, si litang’oka?” Wanakosea. Chini ya magego ya utotoni ndiko linakokua jino la ukubwani, na usaha wa juu unaweza kuliharibu gamba kabla halijachomoza.

Je, wajua kwamba hata manjano ya jikoni yamo katika utafiti huu? Kiini chake cha njano, kurkumini, hufanya kazi kwa mwanga wa buluu, na watafiti wa Brazil wamekishughulikia sana. Tafadhali, usimpake mwanao manjano ukammulika kwa tochi ya simu! Na ile taa ya buluu uliyozoea kuiona kwa daktari wa meno kazi yake ni kugandisha dawa ya kuzibia jino, si kuua bakteria.

Tiba hii ni msaidizi tu. Majaribio mengi yamehusisha watoto wachache, na matokeo hayajawiana. Haichukui nafasi ya kusafisha mzizi, kuziba, wala kung’oa pale inapobidi. Mtoto akivimba shavu, akipata homa au akishindwa kufungua mdomo, usitafute taa: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.